Maji Yameingilia Wapi? Mwongozo kwa Mwenye Nyumba

Masika yakiisha, wenye nyumba wengi huenda moja kwa moja dukani kununua rangi. Dari imefanya madoa ya kahawia, au ukuta umevimba na kubanduka vipande vipande karibu na sakafu, na wageni wanatarajiwa. Fundi anakwangua, anapiga skimu, anapaka mikono miwili, ukuta unang'aa. Vuli ikianza Oktoba, doa linarudi palepale, tena limetanuka. Fedha imekwenda na maji hayajaguswa.

Rangi haitibu unyevu. Kabla hujamlipa mtu yeyote, jua kwanza maji yameingilia wapi, kwa sababu yanakoonekana siko yanakoingilia. Maji yaliyopita kwenye tundu la msumari juu ya chumba cha watoto huweza kuteremka na mbao ya kenchi mita tatu nzima, ndipo yadondokee dari ya sebule. Ukiziba juu ya sebule, umeziba pasipo na tatizo.

Doa lenyewe husema mengi ukilitazama kwa utulivu. Doa la mviringo darini, lenye ukingo wa kahawia, linalokua kila baada ya mvua, limetoka juu. Unyevu ulioanzia sakafuni ukapanda ukutani hadi magotini au kiunoni, wenye unga mweupe unaochafua vidole, umetoka ardhini. Doa lisilojali mvua wala kiangazi, mwaka mzima liko vilevile au linakua polepole, shuku bomba. Na vidoa vyeusi vya kuvu nyuma ya kabati au kwenye pembe ya bafu mara nyingi havitokani na kuvuja kabisa. Ni mvuke wa ndani uliokosa pa kutokea.

Ukishindwa kuamua, kata kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, kisha kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne kisipitishe hewa. Kiache siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa ukutani, unyevu umo ndani ya ukuta. Yakijitokeza upande wa chumbani, ni hewa yenyewe iliyojaa mvuke, na dawa yake ni madirisha, si simenti.

Sasa tupande juu. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Kwa hiyo paa la mita za mraba 120 hupokea zaidi ya lita 130,000. Mvua moja kubwa ya usiku, ya milimita 50, humwaga juu ya paa hilo lita 6,000, yaani tani sita za maji zinazotafuta njia ya kuteremka kabla ya alfajiri. Usipoyapa njia, yatajitafutia.

Kwenye bati la migongo, msumari hupigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Chini ya kichwa cha msumari mna washa ya mpira. Jua la nchi zetu huukausha mpira huo ukakakamaa na kupasuka, na bati linalotanuka mchana na kusinyaa usiku huuvuta msumari kidogo kidogo hadi kichwa kikainuka. Tundu linalobaki hulioni ukiwa chini, lakini mvua ya upepo hulipata. Ndiyo maana paa lililokaa miaka kumi bila kuvuja linaweza kuanza kuvuja bila mtu kuligusa. Misumari ya namna hiyo haipigiliwi tena kwa nyundo; huondolewa na kuwekwa mingine mikubwa zaidi yenye mpira mpya, au skrubu za bati. Silikoni inayopakwa juu ya kichwa cha msumari ni ya kukuvusha msimu mmoja tu.

Kulitafuta tundu, ingia juu ya dari saa sita mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Penye mwanga wa jua pana njia ya maji. Kama huoni mwanga, fuata alama: kutu kuzunguka msumari, mchirizi mweusi kwenye kenchi, vumbi lililogandamana. Zifuate kuelekea juu ya mteremko, maana maji hayapandi. Bado hujaona? Mtu mmoja akae ndani, mwingine apande na mpira wa maji na kuanza kumwagia sehemu ya chini ya paa, dakika kumi, kisha asogee juu kidogo, dakika kumi tena. Akianzia kwenye kofia ya kilele cha paa maji yatatapakaa kote na hutajua kitu. Anayepanda akanyage penye mstari wa misumari, ambako kuna mbao za papi chini, na asipande bati likiwa limelowa. Watu wameanguka kwa haraka hizo.

Mahali pengine pa kutazama ni pale bati la juu linapolalia la chini (sentimita 15 ndicho kiasi cha chini, na paa likiwa bapa kiongezwe), kwenye kofia, kwenye bonde ambapo mapaa mawili hukutana, na kila palipotobolewa kwa ajili ya bomba la hewa, antena au fremu ya sola. Hili la sola linahitaji kukaziwa: fundi wa umeme si fundi wa paa. Akija kufunga, fundi wa bati awepo.

Gata nalo lisisahauliwe. Lisafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, maana majani ya mwembe mmoja yanatosha kuliziba. Liwe na mteremko wa sentimita moja hivi kwa kila mita mbili au tatu. Na bomba la kuteremshia lisiishie kwenye kona ya msingi. Maji yapelekwe mita mbili au zaidi mbali na ukuta, au yaingie kwenye tangi. Nimeona nyumba nzuri ambazo kona moja tu ndiyo imeoza, na juu ya kona hiyo ndipo bomba la gata linapomwaga.

Lazima niseme neno kuhusu paa la kuficha, lile ambalo kuta za nje zimepandishwa juu ya bati mpaka nyumba ikaonekana kama sanduku. Zinapendeza, na zimeenea mijini. Lakini kila anayetaka kujenga ajue tofauti moja: nyumba ya paa la kawaida, gata likiziba, maji yanamwagika nje. Ya paa la kuficha, mfereji ukiziba, yanamwagika ndani. Mfereji umezingirwa na kuta, bati lina mteremko mdogo, na majani, chupa na mpira wa watoto vyote huishia humo bila mtu kuviona kutoka chini.

Kama umeshaijenga, hakikisha mambo machache. Mfereji uwe mpana kiasi cha mtu kuweka mguu na kusafisha. Usiwe na tundu moja la kuteremshia, bali mawili au zaidi, ili moja likiziba jingine lifanye kazi. Kwenye ukuta wa nje pawe na matundu ya dharura, chini kidogo ya ukingo wa bati, ili maji yakijaa yamwagike uani badala ya sebuleni. Ukiona yanatoa maji, hiyo ni taarifa kwamba mfereji umeziba. Kilele cha ukuta kifunikwe kwa bati au zege lenye mteremko wa kuelekea ndani kwenye mfereji. Na pale bati linapokutana na ukuta, kile kipande cha kuziba kichomekwe ndani ya mfuo uliochongwa ukutani na kusilibwa. Kikibandikwa tu kwa silikoni kitaachia. Kama bado hujajenga, na unajua hutaweza kumlipa mtu apande kusafisha kila msimu, ushauri wangu ni paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 60 au zaidi. Upenu huo pia hukinga kuta na madirisha dhidi ya mvua ya upepo, kazi ambayo hakuna rangi ya nje inayoifanya vizuri hivyo.

Tushuke chini. Tofali la bloku, lipu na zege vina vinyweleo vidogo, na ukuta uliogusa udongo wenye maji huyanyonya kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Ndiyo maana juu ya msingi, kabla ya kuanza kupandisha kuta, hutandazwa karatasi nzito ya nailoni ambayo mafundi huiita DPC, na nyingine hutandazwa chini ya jamvi la zege la sakafu. Katika gharama zote za ujenzi ni kitu kidogo sana, na ndicho kinachorukwa upesi fedha zinapopungua, maana kikishafunikwa hakuna anayekiona. Kuiweka karatasi hiyo nyumba ikishasimama ni kazi ngumu na ya ghali. Simama mwenyewe siku hiyo inapotandazwa. Hakikisha haijatobolewa na kokoto, na vipande vimelaliana vizuri.

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji hupanda nayo kutoka ardhini, na kama lipu ilipigwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, basi imo tayari ndani. Maji yanapokauka kwenye uso wa ukuta, chumvi hubaki, huganda na kuvimba chini ya rangi, na kuisukuma hadi ibanduke. Ukipaka rangi ya mafuta ili kuyazuia, maji hayarudi chini. Hupanda zaidi hadi yapate pa kutokea. Nyumba nyingi zilizopigwa marumaru ukutani kuficha unyevu zimeishia kuwa na mstari mpya wa unyevu juu ya hayo marumaru.

Kabla ya kukimbilia dawa za kuchoma sindano ukutani, zunguka nyumba na rula. Sakafu ya ndani inapaswa kuwa juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi zilijengwa hivyo, lakini kwa miaka mingi ua umeongezwa kifusi, kisha vitofali vya sakafu ya nje, kisha bustani ya maua iliyoegemea ukuta, mpaka udongo ukapita juu ya ile nailoni. Hapo nailoni haina kazi tena. Chimba uondoe udongo huo. Ipe ardhi mteremko wa sentimita tano kwa kila mita, kwa mita mbili za kwanza kutoka ukutani. Maua yahamishwe. Baada ya hapo, bandua lipu iliyoharibika hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, uache bloku wazi zikauke, ndipo upige lipu mpya kwa mchanga safi wa mtoni. Mara nyingi hayo yanatosha.

Wakati mwingine maji yanatoka kwa jirani, aliyeinua kiwanja chake na kukuachia bonde. Ongea naye kiangazi, hasira zikiwa mbali, mkubaliane mfereji wa mpakani. Ukienda usiku wa mvua, maji yakiwa yameingia ndani, mtagombana tu.

Kwa wenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, mengi ya hayo hubadilika. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nene, na hukauka kwa kupumua. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Simenti huufungia ndani. Mtu akipiga lipu ya simenti juu ya ukuta wa chokaa, ukuta huonekana imara kwa miaka michache huku ndani chokaa inalainika. Hatari kubwa zaidi iko kwenye boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Ncha zake zimezama ukutani, na maji yakifika hapo huoza ndani kwa ndani wakati katikati ya boriti bado inaonekana nzima. Gonga boriti karibu na ukuta, choma kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, ondoa mizigo ya chumba cha juu na mwite anayezijua nyumba hizi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, kwa hiyo matengenezo makubwa yanahitaji kibali. Huko Zanzibar huanzia kwenye Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe. Nenda kwao hata kabla ya kibali, waulize kuhusu mafundi wa chokaa.

Mabomba ndiyo yanayodanganya kuliko yote, kwa sababu huvuja kimya ndani ya ukuta. Kama maji ya mtaani yanakuja mfululizo, kipimo ni rahisi: jaza tangi, funga koki zote, andika namba za mita, usitumie maji kwa saa mbili, soma tena. Namba zikisogea, bomba kati ya mita na tangi au nyumba linavuja. Kwa nyumba nyingi ambazo maji huja kwa mgao, jambo la kupima ni tangi lenyewe. Lijaze jioni, funga koki ya kuingizia, weka alama ya kiwango cha maji kabla ya kulala, na waambie wa nyumbani watumie ndoo usiku huo. Asubuhi maji yakiwa yameshuka, mvujo uko kati ya tangi na koki zako. Usisahau choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta maji, rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka.

Boya la tangi likikwama, maji humwagika usiku kucha, na kama bomba la kufurikia linaelekea ukutani, umejitengenezea mvua ya kila wiki. Lielekeze mahali utakapoona yakimwagika. Kumbuka pia kwamba tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima. Lisikae juu ya dari wala zege ambalo halikupangwa kulibeba. Bomba la kiyoyozi nalo lisidondoke kwenye ukuta: pwani, kwenye joto na unyevunyevu, kiyoyozi kimoja huweza kutoa ndoo ya maji kwa siku.

Unajenga? Mabomba yapimwe kwa presha kabla ya kufunikwa kwa lipu, na upige picha kila ukuta ukiwa wazi, rula ikiwa pembeni. Picha hizo zitakuokoa siku utakapotaka kutundika televisheni. Bafuni, marumaru peke yake hayazuii maji, kwa kuwa maji hupita kwenye mistari ya katikati. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji chini yake, likipandishwa na ukutani. Kabla ya kuweka marumaru, ziba tundu, jaza maji kidogo sakafuni, acha saa 24, kisha tazama chini yake. Kwenye ghorofa hili si la kuruka. Maji yakifika kwenye nondo, hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na nguvu hiyo hupasua zege. Ukiona vipande vya zege vinadondoka chini ya sakafu ya juu na nondo nyekundu zinachungulia, usimwite fundi rangi. Mwite mhandisi aliyesajiliwa.

Kuvu wasipakwe rangi juu. Vaa barakoa, sugua kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka ni sumu. Sogeza makabati na vitanda sentimita kumi kutoka ukutani, fungua madirisha ya bafu kila mtu akimaliza kuoga. Mwenye pumu asilale kwenye chumba chenye kuvu hata kama ni cha wageni tu.

Mafuriko yakiingia ndani, jambo la kwanza ni umeme. Zima swichi kuu, ila usiifikie ukiwa umesimama kwenye maji. Kama huwezi kuifikia mkavu, toka nje na ulipigie simu shirika la umeme. Maji ya mtaani huwa yamepita vyooni, kwa hiyo watoto wasiyachezee, na kila kilichoguswa kioshwe kwa sabuni kisha klorini. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe. Baada ya hapo kimbizana na saa, maana kuvu huweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Magodoro na dari za jipsamu zilizolowa barabara kwa kawaida haziokoki, toa. Mbao imara huokoka zikikaushwa kivulini taratibu. Piga picha kila kitu kabla ya kutupa, kama una bima. Mikataba mingi ya bima hulipa kwa bomba lililopasuka ghafla lakini si kwa mvujo wa miezi uliopuuzwa, kwa hiyo soma wako kabla ya msimu. Mpangaji naye amwandikie mwenye nyumba mara doa linapoanza, kwa ujumbe wenye picha na tarehe, asingoje dari ianguke.

Kazi yenyewe ifanywe kwa mpangilio: kwanza paa na gata, pili ardhi ya nje, tatu mabomba, ndipo kuta, na dari mwisho. Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, jua likiwa linasaidia, kwa sababu ukuta wa bloku uliolowa barabara hukauka kwa miezi. Ukimwita fundi, swali la kwanza lisiwe bei. Mwulize, "Fundi, maji haya yanaingilia wapi, na umejuaje?" Anayejibu kwa kupanda juu na kuinama chini, huyo endelea naye. Anayejibu kwa kutaja ndoo za rangi, mshukuru na umwage. Na mkubaliane tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.